Masizi ya Boti ya Bwana Feisal

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa kiti cha kukunja na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, na Stumai, ambaye sasa ndiye anayeshika ile mashine yangu ya kupimia pampu, akanivuta pembeni akasema, "Mama Resti, tuandikie. Usiondoke na vitu vyote kichwani." Keki waliimaliza wajukuu. Kiti nimekikalia sasa hivi, naandika.

Nikiri mapema kwamba ninachokijua kuhusu dizeli si kingi kama mnavyodhani. Sehemu kubwa imeandikwa kwenye vitabu vinavyokuja na mashine, vile mnavyowekea vikombe vya chai juu yake. Mimi nitaandika yaliyonishtua. Mengine nimeshayasahau.

Nilifika Dar kutoka Marangu nikiwa sijui hata dizeli inanukaje. Nilikuja kumsaidia mjomba dukani kwake Kariakoo, duka la vipuri vya magari. Asubuhi moja akanipa pampu ya lori niipeleke Mtaa wa Msimbazi kwa fundi aliyeitwa Mzee Nassor. Huyu mzee alitoka kwenye ukoo wa Waarabu waliokuwa wakiuza vitambaa na tende, kaka zake wote wakiwa madukani kwenye feni, yeye akachagua grisi. Aliipokea pampu, akaigeuza, akaniangalia.

"Nani kaziba haya matundu kwa kitambaa?"

"Mimi. Barabarani kuna vumbi."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Niliona tu litaingia."

Akaguna. Jioni akaja mwenyewe dukani kwa mjomba. Alisema wiki ile wanaume wanne walikuwa wamemletea pampu, na zote zilikuwa zimejaa mchanga. "Huyu Manka wako nipe mimi," akamwambia, maana kwake kila msichana wa Kichaga alikuwa Manka. Mjomba alicheka sana, kisha akaacha kucheka alipoona mwenzake hatanii. Hivyo ndivyo nilivyoingia karakana. Wiki ya kwanza wateja walikuwa wakinisalimia na kuniuliza fundi yuko wapi.

Wiki ya tatu ndiyo niliyopata mshtuko wa kwanza. Tulikuwa na fundi mmoja, Kassimu, mtu mzima mwenye masharubu na utani mwingi. Alikuwa anapima nozeli, ile ncha inayopuliza dizeli ndani ya injini. Ikipimwa hutoa ukungu mwembamba, mzuri kuutazama, kama manukato. Kassimu alikuwa ananieleza jambo huku akionyesha kwa mkono, na kidole chake cha shahada kikapita mbele ya ule ukungu. Akasema, "Aa!" kama mtu aliyeumwa na sisimizi. Akajifuta, akacheka, akaenda kula wali maharage. Alama yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha pini na haikutoa hata tone la damu.

Saa tisa alasiri mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko na umebadilika rangi. Hospitali walimkata kile kidole, na siku mbili baadaye wakakata na cha pili, kwa sababu dizeli ilikuwa imeshapenya ndani ya nyama kwa nguvu ya pampu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake wakati linatokea. Niliona yote na sikuelewa chochote. Ninyi mnaopima bila glavu kwa sababu kuna joto, someni tena aya hii.

Mzee Nassor alinifundisha kusoma moshi kabla ya kunifundisha kushika spana. Moshi mweupe, moshi wa bluu, moshi mweusi. Mweusi ndio aliokuwa akiuzungumzia zaidi, kwa sababu ndio unaoleta masizi, na masizi, kwa maneno yake, ni chakula ambacho injini imeshindwa kukila. Ama dizeli inamwagika badala ya kupulizwa, ama hewa haitoshi, ama injini imebebeshwa mzigo usio wake, ama njia ya kutolea moshi imeziba. Akimaliza kuhesabu hayo manne alikuwa anachukua kofia yake ukutani. "Twende tukaione," anasema. Mteja ataeleza kwamba gari liko Mchikichini, mvua inanyesha, na nozeli si hizi hapa? Mzee anavaa kofia. Kila mara. Nilimwona akienda kuangalia jenereta la mashine ya kusaga kwa saa nzima, akarudi akasema tatizo lilikuwa kuku aliyetaga kwenye njia ya hewa.

Alipozeeka akaniachia meza, na mimi kile kitu cha kofia sikukiendeleza. Nisijitetee. Malori ya bandarini yalikuwa mengi, nozeli zilipangwa juu ya meza yangu kama samaki sokoni, na watu walikuwa wakizileta hata kutoka Morogoro kwa sababu walisikia Mama Nozeli hakosei. Mtu akisifiwa akiwa amekaa, hanyanyuki. Nilikaa miaka mingi sana bila kuona injini moja nzima.

Sasa nije kwa Bwana Feisal.

Alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo, yeye na mkewe Bi Nuru. Mtu mpole, msafi, anayekumbuka mteja wa mwaka juzi alichukua kitambaa gani na mama yake alichukua kipi. Watu walikuwa wanapita dukani kwake kumjaribu, na hakosei. Alipofika umri wa miaka hamsini akanunua boti. Si boti ya uvuvi. Ilikuwa boti ya matanga ya faibaglasi, nyeupe, yenye chumba kidogo ndani, vitanda, na jiko la kuchemshia chai, aliyoiacha mgeni mmoja aliyerudi kwao. Ina tanga la kwenda na upepo, na ina injini ndogo ya dizeli chini ya ngazi ya kuingilia chumbani, kwa ajili ya siku ambazo upepo umegoma na kwa ajili ya kuchaji betri. Waliitia nanga upande wa Kivukoni, na kila mwisho wa wiki familia ilikuwa inalala humo. Walikuwa na mtoto mmoja, Ilham, wa miaka tisa.

Mara ya kwanza alikuja na nozeli zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kitenge kipya kabisa. Moyo uliniuma kukiona kinaloa dizeli.

"Fundi, boti inanitia aibu," akasema. "Inatoa moshi mweusi, na nyuma yote imekuwa kama walinzi wa sungusungu wamepika hapo. Naisugua Jumamosi, Jumapili imerudi."

Nilizipima. Moja ilikuwa inadondosha badala ya kupuliza. Nikaitengeneza, nikampa zote, nikamwambia tatizo limeisha. Stumai ni shahidi, alikuwepo.

Baada ya kama mwezi akarudi nazo. Masizi yalikuwa yamerudi, na mengi zaidi. Nikazipima tena, zikapuliza vizuri ajabu, kama mpya. Pale ndipo ningesimama. Ndipo Mzee Nassor angevaa kofia. Mimi nilikaa kwenye kiti nikamjibu kama mtu anayejua.

"Nozeli zako nzima. Injini yako inajaa kaboni kwa sababu unaiwasha dakika kumi unazima. Iache ingurume. Ikipata joto la kutosha, itayachoma hayo masizi yenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Saa nzima. Hata mbili."

Akanishukuru. Ushauri huo kwa malori nimeutoa mara nyingi na umesaidia. Lakini malori yale yalikuwa barabarani, na hakuna anayelala juu ya injini ya lori akiwa amefunga mlango.

Wiki mbili zikapita. Ilikuwa siku ya kazi, kama saa saba mchana, mvua ya masika imetulia ikawa rasharasha. Bi Nuru akaingia karakana na Ilham. Hakuwa amekuja kwangu hasa. Walitoka zahanati ya jirani na alikuwa anakwepa matope.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo, mama?"

Bi Nuru akajibu badala yake. "Kichwa, Dada Resti. Kichwa na kutapika. Mara ya tatu hii wanampima malaria, hakuna. Wamempa dawa za taifodi, hazijafanya kitu. Na cha ajabu, nyumbani anacheza vizuri. Tukienda botini tu, akilala akiamka ni kichwa. Hata mimi. Nasema labda ni bahari, sisi si watu wa bahari."

Nilikuwa nafuta meza. Ilham akapenga kamasi kwenye kitambaa cheupe alichopewa na mama yake, akakikunja.

"Nionyeshe hicho," nikamwambia.

Akaniangalia kama mwendawazimu, lakini akanifungulia. Kamasi lilikuwa jeusi. Si la kijivu, si la vumbi la Kariakoo tunalolijua sote. Jeusi kama ninalolitoa mimi nikishinda siku nzima kwenye moshi wa mashine.

Niliacha kufuta meza.

"Lini mlilala botini?"

"Jana. Shule wamefunga."

"Bwana Feisal yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko huko huko. Sisi tumekuja zahanati, yeye kabaki. Kawasha injini tangu asubuhi, na kichwa kinamuuma kidogo, akasema atajilaza." Akatabasamu. "Si wewe ndiye uliyemwambia aiache ingurume?"

"Mpigie simu."

"Dada, vipi?"

"Nuru, mpigie simu!"

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu alikuwa ameshafika mlangoni, na nadhani si kwa sababu alielewa jambo la moshi, ila aliuona uso wangu. Mtoto tukamwachia Stumai. Tukapanda bajaji. Njia yote kutoka Msimbazi hadi Kivukoni Bi Nuru alipiga simu, na mimi nilimwambia dereva maneno ambayo kanisani hawayajui. Tulikwama kwenye foleni nikatamani kushuka nikimbie. Nilikuwa nasema moyoni, madirisha, labda kaacha madirisha wazi. Halafu naangalia mvua.

Pale ufukweni tulimkuta Mzee Shomari, anayevusha watu kwa mtumbwi hadi kwenye boti zilizotia nanga. Alipiga makasia bila kuuliza. Kwa mbali niliiona boti. Nilikuwa nimezipima nozeli zake mara mbili na ndiyo kwanza naiona. Nyuma yote ilikuwa nyeusi kuanzia kwenye maji hadi juu kwenye jina lake, na injini ilikuwa inanguruma taratibu, bila haraka. Mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Niliwaambia wabaki nje. Nikavuta pumzi, nikafungua mlango, nikashuka. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvuta kamba ya kuzima injini. Ule ukimya uliofuata siusahau. Bwana Feisal alikuwa amelala kwenye kitanda cha upande, mkono chini ya shavu, shuka limekunjwa vizuri miguuni. Hakuwa na dalili ya kuhangaika hata kidogo. Alikuwa amelala usingizi mzuri, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kama ningemkuta sakafuni. Nilimpiga kofi. Nilimpiga la pili. Hakutikisika.

Sijui nilimvutaje. Mimi si mnene na yeye hakuwa mwepesi. Shomari akashika mabega kutoka juu, tukamlaza nje kwenye mvua, na Bi Nuru akamwangukia.

"Feisal! Feisal, amka! Mimi Nuru!"

Alikuwa anapumua. Kidogo, kama mtu anayefikiria kama aendelee au la. Tukamteremsha mtumbwini, Shomari akapiga makasia kurudi ufukweni, na hospitali wakamwekea oksijeni. Nilimweleza daktari, "Moshi wa dizeli, kwa muda wa saa tano au sita, chumba kimefungwa." Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni fundi.

Siku ya tatu, Bwana Feisal akiwa bado haongei, nilirudi botini na spana zangu. Shomari alinisubiri mtumbwini. Sasa nitawaeleza nilichokikuta, na hili ndilo la kuandika kwenye daftari.

Injini ya boti kama ile hupozwa kwa maji ya bahari. Maji yakishazunguka, hukutana na moshi kwenye kiwiko cha bomba, nayo hutoka pamoja kwa nyuma. Chumvi na masizi hukutana pale pale. Nilipokifungua kile kiwiko, tundu ambalo lilipaswa kupitisha yai lilikuwa limebaki la kupitisha kalamu. Moshi uliposhindwa kutoka ukatafuta pengine, ukaichoma upande mmoja gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba maungio, ukaanza kutokea hapo, ndani ya chumba cha injini. Na injini inavuta hewa kutoka chumba hicho hicho. Ikawa inavuta moshi wake yenyewe. Hewa ikapungua, masizi yakazidi, kiwiko kikaziba zaidi, na mimi nikiwa Msimbazi napima nozeli zinazopuliza vizuri ajabu.

Chujio la hewa lilikuwa jeusi tii. Mtu yeyote aliyefungua kile kifuniko mara moja angejua. Mtoto angejua.

Kisha nikafuatilia masizi yanakwenda wapi. Yalitambaa kwenye ubao, yakapita kwenye tundu la nyaya lililotobolewa na mtu zamani, yakatokea chumbani, nyuma ya kitanda kidogo cha mbele. Pale ukutani yalikuwa yamechora kitu kama feni iliyofunguliwa. Juu ya kitanda kulikuwa na mto wenye maua. Nikapima kwa mkono kutoka kwenye tundu hadi kwenye mto. Shubiri mbili.

Nilikaa chini pale, katikati ya spana. Shomari aliita kutoka nje kuuliza kama niko salama, nikagonga ubao mara moja kwa spana.

Bi Nuru nilimweleza siku hiyo hiyo, kwenye benchi la hospitali. Nilimweleza yote, na lile la kuiacha ingurume nikalirudia ili asije akafikiri nimelipitisha haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuja tu kuangalia," akasema.

"Ndiyo."

"Kutoka Msimbazi mpaka Kivukoni ni parefu?"

"Si parefu."

Alisogea kidogo kwenye benchi, sikujua ananikimbia au ananipa nafasi ya kukaa. Nikakaa.

Ilham alipona kabisa. Leo ni mwanafunzi wa ufamasia na kunisalimia ananisalimia. Boti waliiuza, nikiwa nimebadilisha kiwiko na gasketi, nimeziba lile tundu, na nimemwandikia mnunuzi karatasi ya kurasa mbili ambayo natumaini ameisoma. Na tangu wiki ile nilivaa kofia. Ninyi mlioajiriwa baadaye mlikuwa mnanicheka, mama mzima anatoka kwenye mvua kwenda kuangalia jenereta la baa. Sikuwaambia sababu. Sasa mnayo.

Bwana Feisal alirudi nyumbani, anatembea, anakula, anatania. Lakini ile kumbukumbu yake haikurudi naye. Mambo ya zamani anayo yote. Mapya hayakai. Dukani Bi Nuru ndiye anayesimama mbele, yeye anakunja vitambaa, na anavikunja vizuri. Mteja akija, anamsalimia kwa furaha, na hajui kama alikuja jana.

Nikienda Kariakoo huwa napita. Mara nyingi, mimi na yeye tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, huniuliza, "Fundi, hivi ile boti yangu ilikuwa na tatizo gani?" Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilimtazama Bi Nuru nikitegemea ataingilia. Aliendelea kupima kitambaa. Nikaeleza. Mara ya pili nikaeleza. Nimeshaeleza mara nyingi sasa, na kila mara kwake ni habari mpya. Nikifika kwenye mto wa mtoto, anashika mdomo. Nikifika kwenye yule mtu aliyekutwa amelala, anasema, "Masikini," kwa kuwa huwa hajajua bado ni nani. Mimi nami hushtuka pamoja naye, sijaizoea.

Niliwahi kufikiria kulifupisha. Kusema tu kiwiko kiliziba, basi. Hakuna ambaye angejua, hata yeye mwenyewe. Sijafanya hivyo hata mara moja.

Juzi, baada ya ile sherehe yenu, nilimpelekea kipande cha keki nilichowaficha wajukuu. Akauliza. Nikaeleza tangu nozeli za kwanza. Akasikiliza kwa makini, kitambaa kikiwa nusu kimekunjwa magotini.

"Na huyo fundi," akasema, sauti imepanda, "huyo aliyemwambia aiache injini ingurume bila kwenda kuiangalia, ni nani?"

"Ni mimi, Bwana Feisal."

Alinitazama. Niliona hasira ikija, niliiona kabisa kwenye macho yake, kisha ikakaa, kisha sijui ilienda wapi. Akamalizia kukunja kitambaa, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja.

Kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.